Sikio Lililoona Haya

Mjomba wangu Mbwana, Mungu amrehemu, aliwahi kumpaka jogoo rangi. Najua habari hii haihusiani na kazi ya masikio, lakini nikianza na masikio nitamaliza haraka, na Zuhura amenikataza kumaliza haraka. Zuhura ni mjukuu wa dada yangu. Ndiye amekalia kiti changu karakana tangu nilipostaafu, na ndiye aliyeniambia, "Babu, andika unavyoongea, sisi vijana tutasoma." Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukaa tukaelewana. Kwa hiyo mkiona sentensi imepotea njia, ingojeni, itarudi.

Basi, jogoo. Ilikuwa Pongwe, nje ya mji wa Tanga. Palikuwa na mganga aliyewaagiza wateja wake jogoo mweusi tii, asiye na hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Mjomba alikuwa naye jogoo mweusi, mweusi kila mahali isipokuwa mkiani, ambako alikuwa na manyoya meupe kama mzee aliyesahau kutia hina. Mjomba akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya nazi, akampaka. Jogoo akang'aa. Mnunuzi akaja siku ya Ijumaa, katoka msikitini, kanzu nyeupe pee. Akampakata jogoo, wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua. Mpaka wanaagana, jogoo ana mkia mweupe na kanzu ina mkia mweusi.

"Mbwana," yule bwana akasema akijitazama, "huyu jogoo wako anavuja?"

"Ni joto," mjomba akajibu.

Usiku ule mjomba alikaa kibarazani akafikiri, kisha akatuambia watoto: rangi ya kupaka juu haina urafiki na mtu, ingefaa angemlisha masizi. Tulicheka mpaka shangazi akatufukuza. Sikujua kwamba ningevuka bahari kwenda kuambiwa maneno yaleyale na mtu anayelipwa kuyasema.

London nilikuja kumfuata mke, naye akanichoka kabla sijaizoea baridi. Nikapata kazi ya kufagia katika karakana moja chini ya matao ya reli, Lewisham, karibu na soko. Treni ikipita juu, chai inacheza kikombeni. Siku ya kwanza nafungua kabati kutafuta ufagio, nakuta pua. Zimepangwa kwenye trei, pua tupu, zinanitazama, kama pua inaweza kutazama. Nikarudi nyuma, nikapiga teke ndoo ya maji, nikatoa tusi ambalo mama yangu angelisikia angenipiga.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka: "Nani huyo atukana kwa lugha yetu?"

Ndivyo nilivyokutana na Mama Nirmala. Mhindi, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Tooting, sari chini na koti la karakana juu, miwani imening'inia kwa uzi wa kushonea. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, naye alikua akilinganisha uzi na nguo tangu akiwa mdogo hata kaunta haioni. Kazi yake pale ilikuwa kutia rangi. Karakana ilitengeneza masikio, pua, vidole, wakati mwingine kipande cha shavu, kwa watu ambao ugonjwa, moto au mbwa aliwanyang'anya cha asili. Kalibu, ile ya kumiminia, walitengeneza wengine. Umbo walichonga wengine. Lakini sikio likitoka kwenye kalibu ni kama kiazi kilichochemshwa. Linakuwa la mtu pale linapopata rangi.

"Wewe wa wapi?" akaniuliza.

"Tanga, mama."

"Basi chai waijua. Weka ufagio chini."

Sikuurudia tena ule ufagio, mpaka leo sijui nani aliuokota.

Sasa lazima niwaambie kitu kuhusu mwenye karakana, Bwana Graham, mtu mwema, mpenda biskuti. Bwana Graham alikuwa na imani na chupa moja. Ilikuwa chupa kubwa iliyoandikwa "Rangi ya Ngozi". Ngozi ya nani, haikusema. Rangi yenyewe ilikuwa ya waridi hivi, na mimi katika maisha yangu yote nimekutana na mmoja tu wa rangi ile, mwanasesere, kwenye duka la vitu vya rejareja Tooting. Lakini Bwana Graham aliamini kwamba hiyo ndiyo rangi ya Mzungu, na Mzungu asipofanana nayo basi ana upungufu wa usingizi.

Msimcheke. Mimi pia nilikuja na chupa yangu kichwani. Kwetu tunajua kupambanua: huyu mweupe, huyu maji ya kunde, huyu mweusi, yule mweusi wa kung'aa, na bibi zetu wanaweza kukaa mchana kutwa wakibishana mtoto mchanga atatulia wapi. Lakini Wazungu tumewapa neno moja tu, kama mtu anayemimina mchele, mtama na choroko gunia moja kisha anaandika "nafaka". Nilipofika Lewisham nilidhani kumtia Mzungu rangi ni kama kupaka ukuta chokaa.

Mama Nirmala alinitibu kwa chai. Alipanga glasi dirishani, akatia chai kavu ya rangi, kisha akaanza kuongeza maziwa, glasi hii tone, ile kijiko, ile nyingine karibu ijae. Akanipa glasi tupu akasema nimtengenezee ya katikati ya hizi mbili, halafu ya katikati ya hizo. Nilishinda hapo mpaka macho yakalia. Tukazipa majina, na majina hayo ndiyo tuliyofanyia kazi maisha yetu yote. Kuna maziwa matupu. Kuna maziwa yaliyoiona chai kwa mbali. Kuna chai ya mgonjwa. Kuna chai ya harusini, kuna chai ya msibani, kuna chai ya hotelini iliyochemka tangu alfajiri. Mteja akiingia, Mama Nirmala anamtazama pembeni ya dirisha, anamwambia "Karibu, mpenzi, keti" kwa Kiingereza, kisha ananigeukia: "Harusini, tia mdalasini kidogo, na shingo ni ya mgonjwa."

Mdalasini ulikuwa muhimu. Nawaambia vijana: ngozi si rangi moja, ni rangi zilizolala juu ya nyingine. Unatia ndani ya silikoni yenyewe, ule mpira laini wa kutengenezea, tabaka kwa tabaka, na katikati unanyunyiza nyuzi laini zilizosagwa, nyekundu na za buluu, ndiyo mishipa. Ukipaka juu juu, siku ya pili mto wa kitandani una sikio na mtu hana. Mama Nirmala aliponiambia hivyo nilicheka peke yangu, akadhani namdharau, ikabidi nimsimulie habari ya jogoo. Na fanyeni kazi mchana, kando ya dirisha. Taa ya umeme ni shahidi wa uongo. Mwezi wa Desemba, alasiri ikiingia, osheni brashi mwende nyumbani.

Basi nikaanza kuwaona Wazungu, na nikaona kwamba sijawahi kuwaona. Alikuja Mskoti aliyetaka nyusi, moto ulimpitia usoni. Nyusi tunapandikiza unywele mmoja mmoja kwa sindano, kwa hiyo lazima ujue unapanda nini. Nywele zake za kichwa nyeusi. Ndevu nyekundu kama udongo wa Lushoto. Za mikononi zilikuwa kama mchanga. Nikamuuliza nyusi zilikuwa rangi gani, akasema hakumbuki, hakuwahi kujitazama hapo. Mama Nirmala akamzunguka mara mbili, akaniambia kwa lugha yetu, "Huyu Mungu alimmalizia kwa mabaki ya ndoo." Tukampandia zote tatu tukachanganya. Mke wake akaja kututolea shukrani, analia, anasema ndizo zenyewe.

Walikuja ndugu wawili wa Kigiriki, mmoja chai ya hotelini na mwenziwe chai ya mgonjwa, wote wanabishana nani amefanana na baba. Alikuja Mwelisi, mtu wa Wales, mweusi wa nywele kama Mwarabu wa Muskati, macho kama maji ya bwawa la kuogelea. Alikuja msichana kutoka kaskazini huko wanakolala jua likiwa juu, nywele nyeupe kama za bibi yangu, kumbe ana miaka ya shule. Na kila mmoja alipotazama ile chupa ya Bwana Graham alisema hivi: "Hiyo ni rangi ya wale wengine."

Halafu kuna Bi Sheila, mwenye pua. Tulimtengenezea pua nzuri mwezi wa Januari, maziwa yaliyoiona chai kwa mbali, imekaa usoni kama imezaliwa hapo. Mwezi wa saba akaingia karakana kwa hasira, kavaa kofia ya majani, uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha na pua katikati nyeupe kama kijiwe cha chaki. Alikuwa ameenda Hispania kuota jua. Yeye kaenda Hispania, pua yake imebaki Januari.

"Mmeniuzia pua mbovu!" akasema.

"Si mbovu, Bi Sheila," nikamwambia. "Haikupewa likizo."

Tangu hapo tukawa tunawatengenezea jozi, kiungo cha kiangazi na cha kipupwe. Nilikuwa na jirani hapa London, dada wa kwetu, anajisugua mkorogo kila usiku ili afanane na Sheila wa Januari. Na Sheila anapanda ndege ili afanane na yule dada kabla ya mkorogo. Wangekutana uwanja wa ndege wakabadilishana, kila mtu angerudi nyumbani mapema.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari ya Bwana Colin, na ndiyo imenifanya nishike kalamu, mengine yote ni kusafisha koo.

Bwana Colin alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mkubwa wa mwili, mpole wa sauti. Nywele zilikuwa nyekundu zamani, sasa zimebaki kama kutu kwenye bati. Ngozi maziwa matupu yaliyomwagikiwa na hina, madoadoa kila mahali. Sikio lake la kulia lilikatwa kwa kansa ya ngozi. Miaka yote amekaa upande wa dirisha la dereva, na jua la London, jua hilihili lisilokausha hata kanga, likamla sikio polepole. Tulimtengenezea sikio, madoadoa nikamtia mimi mwenyewe kwa brashi ya unywele mmoja. Akalivaa, akajitazama, akashukuru. Hakuondoka.

"Kuna tatizo?" Mama Nirmala akamuuliza.

"Kuna mwanamke," akasema.

Tukavuta viti.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Rosa, Mreno, mjane, ana kafe nyuma ya soko. Bwana Colin alikuwa anakwenda pale kila asubuhi kabla ya kukatwa, anaagiza kahawa asiyoipenda, na hajawahi kusema zaidi ya kahawa. Alipokatwa sikio akaacha kwenda. Sasa anataka kurudi na safari hii anataka kusema. Lakini ana maradhi ya watu wa rangi yake: akimwona Rosa anaiva kama nyanya. Anaanzia kwenye kola na kupanda mpaka utosini. Sikio letu je? Litabaki jeupe hapo pembeni, kila mtu atalitazama, na Rosa atalitazama.

"Akilitazama tu," akasema, "mimi basi. Sitaweza kurudi pale tena maisha."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba yule mtu hakuwa akitaka sikio. Alikuwa akitaka kikao kimoja na Rosa asitazamwe pembeni.

Mama Nirmala akavua miwani. "Tumtengenezee la haya," akasema.

"La haya?"

"La kuona haya. Atalivaa siku hiyo moja. Lazima tumwone akiiva."

Sasa mtu unamwivishaje? Nikajaribu kumwambia yeye ni mzuri wa sura, akacheka. Mama Nirmala akamshika mkono, yeye akafurahi tu kama mgonjwa aliyeletewa chungwa. Mwishowe nikamuuliza, basi tu kwa kuuliza, "Huyo bibi uliniambia anaitwa nani vile?"

"Rosa."

Lo! Ikapanda. Nimeona machweo mengi lakini sijaona kitu kinapanda namna ile. Shingo, taya, shavu, sikio la kushoto likawaka kama kaa la moto.

"Brashi!" Mama Nirmala akapiga kelele. "Hamisi, nyanya na tui! Nyanya na tui! Yashuka! Muulize tena!"

"Anaitwa nani?"

"Rosa."

"Sikusikia!"

"Rosa!"

Bwana Graham akaingia na biskuti yake, akamkuta dereva mzima wa basi amekaa kwenye kiti anaita Rosa, Rosa, huku Mhindi na Mswahili wanamkimbilia na vijiko vya rangi. Akafunga mlango taratibu. Hakuuliza, na hilo ndilo nililompendea.

Sikio la haya lilitoka zuri kuliko kazi zote tulizowahi kufanya. Ncha ilikuwa nyekundu, ndani kuna wekundu uliozama, madoadoa yamefifia kidogo kama yanavyofifia mtu akiiva. Ukiliweka mezani unahisi joto. Bwana Colin akaniuliza kama ningeweza kwenda naye, nikae pembeni, gundi ikileta ukorofi nimsaidie. Mama Nirmala akasema, "Si kwenu Waswahili hamposi bila mshenga? Mshenga huyo hapo." Basi nikavaa koti langu la Idi, nikaenda kuwa mshenga wa sikio.

Kafe ilikuwa na watu asubuhi ile. Kwenye kaunta alisimama mwanamume mwenye ndevu nyeusi, ngozi ya chai ya hotelini, nikajua huyu ni ndugu yetu wa Kiomani kutoka zile kafe za Waarabu za Edgware Road, nikamwamkia, "Asalaam aleikum." Akanitazama, akamwita Rosa kwa Kireno. Akatoka jikoni mwanamke mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi, macho ya kijivu. Nikadhani ni mfanyakazi wa Kipolandi. Ndiye Rosa.

"Huyo ni Nuno, kaka yangu," akaniambia, akiona nimeduwaa. "Baba mmoja, mama mmoja. Dada yetu mkubwa ana nywele nyekundu. Hatuulizi."

Nikaketi, nikaletewa chai. Bwana Colin yuko katikati ya kafe, kofia mkononi. Rosa akamwona. Akaweka sahani chini.

"Colin," akasema. "Umepotea."

Nami namngoja aive. Ninangoja kola ianze. Tulikuwa tumempima vizuri, rangi kwa rangi, jina kwa jina, mimi na Mama Nirmala, kwa sababu kwetu sote wawili, Tanga na Mombasa, mchumba ni mtu wa kuona haya, anatazama kucha zake. Hatukufikiri kwamba jina la mtu si mtu mwenyewe. Tulimpima kwa haya, hatukumpima kwa hofu. Bwana Colin alimtazama Rosa, na damu yote ikamshuka miguuni. Uso ukawa unga. Midomo ikawa unga. Sikio la kushoto likawa unga. Na la kulia, kazi ya mikono yetu, linawaka pale peke yake kama taa ya breki.

Mama mmoja akashika uma hewani.

"Bwana," Nuno akasema, "sikio lako linaungua."

Nikataka ardhi ipasuke. Bwana Colin akapeleka mkono, akaligusa, akajua. Akatazama mlango. Nilimwona akiupima, hatua za kuufikia, na nikajua akitoka hapa hatoki tena nyumbani kwake.

Rosa naye alikuwa analitazama sikio. Lile jambo lenyewe alilolihofia. Akalitazama, akatazama uso, akarudi kwenye sikio.

"Hili limeshasema," akasema. "Wewe unangoja nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akajuta. Bwana Colin akalishika sikio, akalivuta, gundi ikalia kama plasta inayobanduliwa, akaliweka kwenye kisosi changu kando ya kijiko. Pale lilipokuwa pakabaki bapa, na kovu. Hakuna aliyekuwa ameliona kovu lile isipokuwa madaktari na sisi. Akamgeuzia Rosa upande ule, kwa makusudi, kama mtu anayeonyesha tiketi.

Rosa akazunguka kaunta. Akavua aproni, akamtupia Nuno, akamwambia kitu kuhusu sufuria. Akasimama upande wa kulia, upande usio na kitu, akajiinua kwa vidole vya miguu, akasema maneno pale kwenye kovu. Sikuyasikia na si kazi ya mshenga kuyasikia. Ila niliona kola. Ikaanza, ikapanda shingo, taya, shavu, na lile kovu nalo, ambalo madaktari walisema halina damu, likaiva.

Bwana Colin akavaa kofia. Wakatoka wameshikana.

"Bwana Colin!" nikaita. "Sikio!"

Nikakimbia nalo mlangoni, na kisosi chake. Walikuwa wameshafika kwenye vibanda vya matunda. Rosa anaongea, ameshika upande uleule, naye ameinamisha kichwa kumsikiliza. Niliita tena. Jumatatu iliyofuata alikuwa na miadi na sisi ya kurekebisha lile sikio la kila siku. Mama Nirmala alimwekea kiti karibu na dirisha, akachemsha na chai.

Hakugeuka pale sokoni, na karakana hakurudi.